Nauziwa farasi wawili Busia, mimi niko Mbale. Nilipe au niachane nao?

Mjukuu wa Elgon (Mbale)

Wadau wa mifugo, salaam. Nina shamba la nyasi nje kidogo ya mji wa Mbale, na nia yangu ni kupata farasi wa watoto kupanda. Sikukuu za Idi na Krismasi hapa watoto wanajaa mjini na nguo mpya na hela mkononi, na burudani yenyewe ni soda, picha na kurukaruka kwenye maputo. Farasi hakuna. Nimeona nafasi.

Kuna dalali Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, ana wawili. Mmoja jike mweupe, mrefu, anasema ana miaka 7. Wa pili mfupi wa kahawia, dume aliyehasiwa, anamwita poni. Anataka nichukue wote kwa mpigo. Bei sitaiweka hapa kwa sababu naye yumo mitandaoni, ila tuseme ningeweza kununua boda mpya na chenji nzuri ikabaki. Ananiambia kuna mteja wa Kampala anakuja mwisho wa wiki.

Waliowahi kununua au kuuza farasi huku kwetu nisaidieni. Ng'ombe nawajua, farasi simjui.

Kijana wa Meru (Arusha)

Huyo mteja wa Kampala hata huku Arusha anakuja kila mwisho wa wiki. Ananunua viwanja, magari, simu, na sasa kumbe na farasi.

Saisi wa Ngong (Nairobi)

Ndugu Mjukuu, mimi nimekula chumvi nyingi kwenye mazizi ya uwanja wa mbio wa Ngong. Farasi wa mbio akistaafu huku anauzwa, na kuna wanaoishia kwenu. Jike mrefu wa miaka 7 anayeuzwa mpakani, swali langu la kwanza ni kama aliwahi kukimbia mbio. Farasi wa mbio anaanza kukimbizwa akiwa na miaka 2 tu, kwa hiyo akifika 7 miguu imeshafanya kazi kubwa. Na amefundishwa jambo moja maishani: akiguswa na mguu wa mpandaji, aende. Mtoto wa chekechea umweke hapo juu? Hapana.

Sasa umri. Usiulize mdomo wa dalali, uliza mdomo wa farasi. Mwenyewe amshike, wewe simama ubavuni, usisimame mbele, ingiza kidole pembeni ya mdomo pale pasipo na meno, atafungua. Meno ya mbele ya utoto hung'oka kwa zamu: ya katikati akiwa na miaka 2 na nusu, yanayofuata 3 na nusu, ya pembeni 4 na nusu. Akifika 5 mdomo umekamilika. Baada ya hapo tazama jino la pembeni la juu. Kuna mfereji mwembamba wa kahawia unaochomoza kwenye ufizi akiwa na kama miaka 10, unafika katikati ya jino kwenye 15, na 20 umefika chini kabisa. Unaweza kupishana mwaka mmoja au miwili, lakini farasi wa miaka 7 hana mfereji huo. Ukiuona, mengine yote aliyokuambia yapunguze nusu.

Huyo "poni" naye mfungue mdomo. Poni ni mkubwa aliyekomaa na urefu wake haupiti sentimita 148 kwenye kilele cha mabega, pale shingo inapoishia. Ukikuta bado ana meno ya utoto, huyo ni kinda la farasi, na utamlisha mpaka akuzidi kimo.

Nenda bila kupiga simu. Ukifika, pitisha mkono mgongoni. Ukikuta jasho lililokauka kwa umbo la tandiko, ujue amezungushwa tangu alfajiri ili wewe umkute mpole. Kisha kijana amkimbize polepole kwenye ardhi ngumu, kamba ikiwa imelegea. Usitazame miguu, tazama kichwa. Mguu wa mbele ukimuuma, kila unapokanyaga chini kichwa kinaruka juu. Rudi tena siku nyingine umtazame upya, kwa sababu kuna dawa ya maumivu ya unga, inachanganywa kwenye pumba, na kilema anatembea kama bwana harusi mpaka nguvu ya dawa iishe.

Mjukuu wa Elgon (Mbale)

Asante sana mzee. Mambo ya meno nimeyaandika pembeni. Nilimuuliza karatasi, akasema "ziko njiani". Hilo lina shida?

Afande Mstaafu (Tororo)

Ziko njiani kutoka wapi? Farasi amefika, karatasi bado?

Sikiliza kijana wangu. Mnyama aliyevuka kihalali kutoka Kenya anavuka na kibali cha kuingizwa, kinachotolewa na wizara ya kilimo na mifugo pale Entebbe KABLA ya safari, pamoja na cheti cha afya cha daktari wa serikali wa huko alikotoka. Akivuka kwanza halafu karatasi zitafutwe baadaye, hiyo ni magendo. Kama ni farasi wa humu humu nchini, awe na barua ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) wa anakotoka, na wewe uchukue kibali cha kumsafirisha kwa daktari wa mifugo wa wilaya. Busia mpaka Mbale si mbali, lakini vizuizi vipo.

Na uliza kama kuna karantini. Ugonjwa wa miguu na midomo haumshiki farasi hata kidogo, ila ukiingia wilayani soko linafungwa na malori ya mifugo yanazuiwa. Askari wa usiku hatakuuliza kama kwato imepasuka au haijapasuka.

Mkiandikiana, andikeni mbele ya LC1. Rangi, jinsia, alama nyeupe za usoni na miguuni, mahali nywele zinapozunguka kwenye paji la uso. Na umri aliokutajia, uandikwe. Hapo utaona kalamu inavyosita.

Mchuuzi wa Busia (Busia)

Mimi si huyo dalali anayesemwa, lakini na mimi ni dalali, na naona tunachomwa tu humu. Mnajua gharama zake? Lori, vibali, kijana wa kulala zizini kumlinda, maji, nyasi za kununua kwa sababu mjini hakuna malisho. Ng'ombe nikikosa mteja leo, kesho bucha wananipigia. Farasi nikikosa mteja, hakuna bucha. Akikaa kwangu mwezi mzima ameshakula faida yote na anaanza kula mtaji.

Ndiyo maana tunasema kuna mteja anakuja. Wote tunasema hivyo.

Kijana wa Meru (Arusha)

Mchuuzi umetoa siri ya chama. Mjukuu, umeelewa? Kila siku unayokaa kimya bei inashuka yenyewe.

Daktari wa Kwato (Soroti)

Nimesoma yote, ushauri wa Saisi ni mzuri. Lakini mnamchunguza mnyama, mahali anakokwenda hamjapagusa. Mjukuu, una banda la kumfungia jioni? Kuna mto au kinamasi karibu?

Nauliza kwa sababu ya homa ya farasi ya Afrika. Inaenezwa na usubi, wale wadudu wadogo kuliko mbu wanaouma magharibi na alfajiri. Farasi hawaambukizani kwa kugusana. Aina yake kali inaua 70 hadi 95 katika kila farasi 100 wanaoipata. Homa inapanda, juu ya macho panavimba, puani povu, na mwisho unaweza kuja ndani ya siku chache. Chanjo ipo, inatengenezwa Afrika Kusini, sindano ya kwanza na ya pili zikiachana kwa wiki kadhaa, na inarudiwa kila mwaka. Usitegemee kuikuta kwenye duka la dawa za ng'ombe la mtaani. Ongea na daktari anayehudumia mazizi ya Kampala au Jinja, umuulize anaagiza lini, na ujiunge naye. Farasi asiyekuwa na rekodi ya chanjo mhesabu kuwa hajachanjwa, hata muuzaji aape.

Pili ni nagana, ndugu wa malale kwa mifugo, unaoletwa na mbung'o. Ukanda wa Busia na Tororo ni nchi ya mbung'o, na jirani yao Busoga mwanzoni mwa karne iliyopita malale iliua watu zaidi ya 200,000. Ng'ombe mwenye vimelea anaweza kukonda kwa miezi na bado mkamwona yupo. Farasi hana uvumilivu huo, aina moja ya vimelea inammaliza kwa wiki chache tu. Kabla hujalipa, damu ipimwe. Ukiona miguu na chini ya tumbo pamevimba na ufizi umepauka, ondoka.

Tatu, na hapa nakusema wewe unayejua ng'ombe, kwa sababu wenye ng'ombe ndio huua farasi bila kukusudia. Dawa ya kupe yenye amitraz, ambayo nina hakika unayo stoo, usimnyunyizie farasi. Inasimamisha matumbo. Niliwahi kuitwa shamba moja ambako mfanyakazi aliwapitisha ng'ombe wote kwenye pampu, na farasi naye akapitishwa kwa kuwa alikuwa kwenye foleni. Nilimkuta amesimama shingo chini, anakwangua ardhi kwa mguu wa mbele, anageuka kutazama ubavu wake kana kwamba kuna mtu anamwita huko. Nikaweka kifaa cha kusikilizia ubavuni, kulia, kushoto, juu, chini. Kimya. Tumbo la farasi mzima halinyamazi, linanguruma mchana kutwa. Farasi hatapiki wala hacheui, kilichoingia kina njia moja tu ya kutokea. Yule alipona, baada ya mpira kupitishwa puani hadi tumboni, maji na mafuta, na mimi kukesha.

Chakula cha kuku chenye dawa ya kuzuia kuhara damu, kuna aina inayoua moyo wa farasi. Kiweke mbali, na ndoo zisichanganywe. Pumba za mahindi zenye ukungu usimpe hata kidogo, ule ukungu unamharibu ubongo.

Mjukuu wa Elgon (Mbale)

Daktari, amitraz ipo stoo kweli. Nimeinuka sasa hivi kwenda kuiangalia.

Punda wa Bukwo (Bukwo)

Mimi nitasema wanayoogopa kusema wengine. Nunua punda.

Huku kwetu milimani, Bukwo, Kween hadi Kapchorwa, punda ndiye anashusha mahindi na viazi pale lori lisipofika. Homa hiyo ya daktari punda anaipata na mara nyingi huoni hata kama aliugua. Anakula kidogo, mpole, mtoto akianguka ni kutoka kimo cha meza. Wauzaji ni majirani, unajua mama yake na mwenye mama yake.

Mjukuu wa Elgon (Mbale)

Mkuu nakuheshimu, ila mtoto wa mjini Mbale alipe hela yake ya Idi apande punda? Mama yake atacheka mpaka msikitini.

Punda wa Bukwo (Bukwo)

Watacheka Idi ya kwanza. Kama una ubao wa rangi na shanga shingoni, Idi ya pili wanapanga foleni. Ila mfungie usiku. Wakati machinjio ya punda yalipokuwa yamepamba moto Kenya, huku mpakani ulikuwa unalala na wanne unaamka na wawili. Februari 2024 wakuu wa Umoja wa Afrika walikubaliana Addis Ababa kusimamisha biashara ya kuchinja punda kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15. Wezi hawakuwa kwenye mkutano.

Jirani wa Ziwa (Kampala)

Wacha niongeze jinsi soko lilivyo, kwa sababu naona Mjukuu anadhani Busia ndiyo mlango pekee.

Farasi Uganda hauzwi gulioni. Ni wachache na wanajulikana karibu kwa majina. Wako Munyonyo penye kituo cha kupanda farasi, wako Jinja kandokando ya Nile, wako Ziwa Mburo ambako watalii wanatembea katikati ya pundamilia wakiwa juu ya farasi. Wengi wanabadilisha mikono kimyakimya: mgeni mkataba wake wa kazi umeisha anarudi kwao, mtoto amekua ameenda chuo, zizi linapunguza wazee. Farasi wa namna hiyo ana daktari anayemjua, ana daftari la chanjo, na ana saisi (mtunza farasi) atakayekwambia ukweli ukimkaribisha chai. Farasi wa miaka 16 aliyechoka na makeke ndiye anayefaa watoto. Vijana wa miaka 5 wanaoonekana vizuri kwenye picha ndio wanaotupa watu chini. Wengine hata hawauzi, wanakuazima kwa makubaliano umlishe umtunze, akikushinda unamrudisha.

Huyo jike mweupe najua kwa nini bei iko juu. Harusi. Bwana harusi wa Kihindi anataka aingie juu ya farasi, na mweupe ndiye anayependeza zaidi kwenye picha. Siku hizi hata maharusi wengine wameanza kuomba. Lakini farasi wengi tunaowaita weupe walizaliwa na rangi ya giza, nywele zikapauka kadiri walivyokua, na ngozi chini ni nyeusi. Wakizeeka wengi wao huota uvimbe mweusi. Nyanyua mkia, tazama chini yake na kuzunguka tundu. Vinundu vyeusi vidogo si hukumu ya kifo, ila ni sababu ya kushusha bei, na ni dalili kwamba ile miaka 7 ina watoto.

Mama Zaitun (Mbale)

Mimi ni mzazi hapa hapa Mbale na watoto wangu ndio hao wa Idi. Mwanangu Mjukuu, nakuuliza kwa adabu: kofia ngumu za watoto umepanga ngapi? Nani atashika kamba, na nani atatembea ubavuni? Maana nimeona Jinja mtoto mmoja anatembea na watu wawili, mmoja mbele mmoja pembeni. Wewe naona umehesabu farasi, watu hujawahesabu.

Na baba zao wenye vitambi wakitaka kupanda kupiga picha, utawaambia nini?

Saisi wa Ngong (Nairobi)

Mama Zaitun umesema jambo. Hesabu iko hivi. Chukua futi kamba ya fundi cherehani, pima mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, kwa sentimita. Zidisha kwa wenyewe. Halafu pima urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako, zidisha tena, kisha gawanya kwa 11,880. Unapata kilo. Poni mwenye kifua cha 165 na urefu wa 150 anakuja kama kilo 344. Mzigo usipite sehemu moja ya tano, tandiko likiwa ndani yake, yaani kilo 68 hivi. Baba mwenye kitambi asimame chini, ashike hatamu, apigwe picha.

Kwa kipimo hicho hicho unajua chakula. Kilo 2 za nyasi kavu kwa kila kilo 100 za mwili kwa siku. Huyo wa kilo 344 anakula karibu kilo 7, mwezi mzima kama 210. Beli yako ikiwa ya kilo 12, ni beli 17 au 18 kwa mwezi kwa kichwa kimoja, msimu wa kiangazi nyasi zikimwishia shambani. Weka hiyo hela kwenye karatasi kabla ya ile ya dalali.

Mjukuu wa Elgon (Mbale)

Wadau, nimerudi kutoka Busia. Nilikwenda asubuhi bila kupiga simu, nimefuatana na daktari wa mifugo niliyempata kwa watu wa huku.

Jike tulimkuta amefungwa kivulini, mgongo una alama ya tandiko, jasho limekauka limekuwa chumvi. Kijana wa zizi akasema "alikuwa anacheza". Mdomo tulipoufungua, mfereji ule upo, umeshashuka. Daktari akasema 13, pengine 14. Tukanyanyua mkia. Vinundu vipo, vitatu kama punje za maharage. Dalali akaanza kutazama simu yake.

Wa kahawia ni habari nyingine. Mdomo umekamilika, mfereji haujaanza, urefu sentimita 131. Alikimbizwa kwenye lami, kichwa kimetulia. Nilipoinua mguu wake wa nyuma aliniachia bila ugomvi, akaendelea kutafuna. Kwato za mbele ni ndefu na zina harufu chini, daktari anasema ni uchafu wa kusimama kwenye matope, zinatibika. Damu imechukuliwa, majibu bado. Kumbe ana barua ya LC1 kutoka upande wa Iganga, hakuvuka mpaka wowote. Aliyevuka ni jike.

Nikamwambia dalali namtaka wa kahawia peke yake, damu ikiwa safi, na kwato zikatwe kwa gharama yake. Akasema hawatenganishwi, ni marafiki. Nikamuaga kwa heshima. Kabla sijafika stendi akapiga, ameshusha.

Mchuuzi wa Busia (Busia)

Usipokee ya kwanza.

Jirani wa Ziwa (Kampala)

Hahaha. Ila lile la urafiki lisikupite. Farasi akiishi peke yake anahangaika, anatembea kwenye uzio, hali vizuri. Ukimchukua mmoja mtafutie mwenzake.

Punda wa Bukwo (Bukwo)

Mwenzake ninaye huku. Jike, miaka 6, mpole, mdomo njoo ufungue mwenyewe.

Mjukuu wa Elgon (Mbale)

Punda wa Bukwo umenipata, tuongee inbox. Saisi, swali la mwisho: anasema tandiko limo kwenye bei. Ni la zamani, la ngozi, linaonekana zuri.

Saisi wa Ngong (Nairobi)

Ni la nani? La jike au la huyu mfupi? Liweke mgongoni bila kitambaa, mtu mwepesi akae juu. Kati ya tandiko na kilele cha mabega viingie vidole vitatu vimesimama. Visipoingia litamchubua mgongo kabla hata Idi haijafika. Kisha uligeuze, ulishike mbele na nyuma, ujaribu kulikunja. Likikunjika, mti wa ndani umevunjika. Mwambie alitoe kwenye bei.